TUNACHANGIA MIFUPA ILIYOVUNJIKA, VIATU HATUNUNUI



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu katika imani, wazazi wa watoto wetu wa madrasa, wiki mbili zilizopita baada ya darsa ya akina mama ya Jumamosi, mama mmoja aliinua mkono akauliza swali ambalo baadhi ya waliokuwapo walilicheka. Mama huyu anaosha vyombo katika mkahawa mmoja hapa mjini Kampala. Ameona viatu vya kazi ambavyo muuzaji anasema haviteleza, bei yake Sh 60,000. Mume wake amemwambia kwamba sapatu za Sh 5,000 zinatosha, na kwamba kutoa elfu sitini kwa ajili ya kusimama jikoni ni israfu. Akatuuliza: Je, kweli ni israfu?

Waliocheka walitarajia swali la twahara au la mirathi, wakaletewa swali la viatu. Sisi hatukucheka. Tunajibu hapa kwa urefu ili wasome pia wale ambao hawakuwapo, na hasa akina baba na matajiri wetu wenye mikahawa, maduka na mahoteli.

YALIYOTUPATA MWAKA JANA

Wengi wenu mnakumbuka. Baba wa wanafunzi wetu watatu alikuwa mpishi katika jiko la hoteli, kazi yake kukaanga. Sakafu ya jiko lile ni vigae vyeupe vinavyong'aa, na kwa kuwa mafuta huruka kutoka kwenye karai tangu asubuhi mpaka usiku, vigae vile havikauki. Naye alikuwa amevaa sapatu, zile za plastiki ambazo soli yake imekwisha kuwa laini kama sahani. Saa ya chakula cha mchana, akiwa amebeba sufuria, mguu ulikwenda mbele na yeye akaenda nyuma. Alhamdulillah mafuta ya moto hayakummwagikia. Lakini nyonga ilivunjika.

Alilala miezi mitano. Mwajiri wake, ndugu yetu Mwislamu anayeswali safu ya mbele, alimpelekea gunia moja la mchele na salamu za pole, kisha akaajiri mwingine. Mwezi wa pili mtoto mkubwa alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mwezi wa tatu mama yao akaanza kukaanga mihogo kando ya barabara.

Sisi tulipitisha kofia baada ya swala ya Ijumaa mara tatu, na jumla tulipata Sh 740,000. Tulijiona tumefanya wema, na kwa hakika ni wema, Allah awalipe waliotoa. Lakini siku moja tulikaa tukapiga hesabu. Jiko lile lina wafanyakazi wanane. Kwa bei ile ile aliyotajiwa mama wa Jumamosi, viatu vya wote wanane ni Sh 480,000. Yaani pesa tulizochanga kwa mguu mmoja uliovunjika zingewavalisha wote wanane, na zingebaki Sh 260,000. Na baada ya mchango wetu wote, yule aliyeajiriwa mahali pake aliingia katika jiko lile lile, juu ya vigae vile vile, akiwa na sapatu.

Huo ndio ugonjwa wetu. Tunachangia mifupa iliyovunjika, viatu hatununui.

"NI QADAR YA ALLAH"

Tulipolisema hili msikitini, Hajji mmoja tunayemheshimu sana alitujibu kwamba ajali imeandikwa, na aliyeandikiwa kuanguka ataanguka hata akivaa viatu vya chuma. Hajji, tunakubusu mkono, lakini maneno haya hatuyakubali.

Kuamini qadar ni nguzo ya imani na hakuna Mwislamu anayeipinga. Lakini Allah (S.W.) aliyeandika ajali ndiye aliyetukataza, katika Suratul Baqarah aya ya 195, tusijitie kwa mikono yetu katika maangamizo, na ndiye aliyewaamrisha waumini katika Suratun Nisaa aya ya 71 wachukue hadhari yao. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, alimwelekeza amfunge kwanza kisha atawakali, kama alivyopokea Tirmidhi kutoka kwa Anas. Hadithi hii watoto wetu wa darasa la kwanza wanaijua kwa moyo. Wazazi wao wanaisahau wanapovuka mlango wa jikoni.

Na kumbukeni kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham. Alipofika mahali panapoitwa Sargh akaambiwa kuna tauni mbele, akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubaida (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akamfahamisha kwamba wanatoka kwenye qadar moja ya Allah na kuiendea qadar nyingine ya Allah, kisha akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyefika kwenye bonde lenye pande mbili, mmoja wenye malisho na mmoja mkavu: akichunga huku ni kwa qadar ya Allah, na akichunga kule pia ni kwa qadar ya Allah. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Basi sapatu ni qadar ya Allah, na viatu vyenye soli nzuri navyo ni qadar ya Allah. Wewe umepewa akili ya kuchagua upande wa bonde.

Isitoshe, tunaona ajabu kwamba qadar hii inatajwa kwa viatu vya mfanyakazi tu. Duka lina makufuli matatu na mlinzi, na gari lina kengele ya wezi. Hatujamsikia tajiri hata mmoja akisema aache duka wazi kwa sababu aliyeandikiwa kuibiwa ataibiwa.

"NI ISRAFU"

Turudi kwenye swali la mama yetu. Israfu ni kutoa mali mahali pasipostahiki au kupita kiasi. Katika Suratul Furqan aya ya 67 Allah (S.W.) anawasifu waja wake ambao wakitoa hawafanyi israfu wala hawafanyi ubakhili, wanakuwa katikati. Wengi wetu tumeisoma nusu ya kwanza ya aya hiyo, tukaiacha nusu ya pili.

Tuchukulie viatu vya Sh 60,000 vitadumu mwaka mmoja. Hiyo ni Sh 5,000 kwa mwezi. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, haifiki Sh 200 kwa siku. Kwa Sh 200 hupati hata chapati ya kwenye rolex. Sasa hesabu upande wa pili: mkono uliovunjika, wiki sita bila mshahara, boda boda ya kwenda na kurudi hospitali, dawa, karo, deni la duka. Nani ndiye mwenye israfu, aliyetoa mia mbili kwa siku au aliyezihifadhi?

Na tuseme ukweli ambao utawaudhi baadhi yenu. Inapokaribia Idi, watu hao hao wanaolia kwamba hawana elfu sitini huonekana Owino na Kikuubo wakibeba mifuko. Viatu vya Idi vya watoto, viatu vya Idi vya mama, kanzu mpya ya baba. Kuvaa vizuri siku ya Idi ni sunna na hatumkatazi mtu furaha yake. Lakini viatu vya Idi vinavaliwa saa sita, vinawekwa kabatini. Viatu vya kazi vinavaliwa saa kumi kila siku, na juu yake vimesimama chakula, karo na kodi ya nyumba. Baba anayemnunulia mke wake viatu vya Idi vya kumeremeta na kumwacha aende kazini na sapatu, anampamba kwa majirani na kumtupa mbele ya hatari.

JE, VINASAIDIA KWELI?

Hili ni swali la haki, kwa sababu wauzaji wanasema mengi. Hatukutaka kusema bila ujuzi, kwa hiyo tuliwaomba vijana wetu waliosoma watutafutie.

Marekani walifuatiliwa wafanyakazi 475 katika mikahawa 36 ya vyakula vya haraka, na matokeo yalitangazwa mwaka 2011: waliovaa viatu visivyoteleza waliteleza kwa kiasi kilichopungua kwa asilimia 54 kuliko wasiovivaa. Uingereza walichukuliwa wafanyakazi zaidi ya 4,500 wa hospitali za serikali, wakagawanywa kwa kura, nusu wakapewa viatu hivyo mara moja na nusu wakasubiri. Katika wiki 14 walizohesabiwa, waliopewa waliteleza mara chache zaidi kwa asilimia 37. Na tena Marekani, katika utafiti wa wafanyakazi wa majiko ya shule wapatao 17,000 uliotolewa mwaka 2019, waliopewa viatu bure na mwajiri walipunguza madai ya fidia ya kuumia kwa kuteleza kwa asilimia 67.

Zingatieni neno hilo: waliopewa bure na mwajiri. Tutalirudia.

Kwa hiyo viatu hivi si hirizi. Mtu bado anaweza kuteleza. Lakini ikiwa kwa kila mara tatu za kuteleza umeondoa moja, au hata mbili, hilo si jambo dogo kwa mtu aliyebeba maji ya moto.

"VINATUZUIA KUTAWADHA"

Udhuru huu ndio uliotuuma zaidi, kwa sababu umevaa kilemba cha dini. Ndugu zetu kadhaa, wa machinjioni, wa soko la samaki Ggaba na wa mikahawani, walituambia wanavaa sapatu kwa ajili ya swala. Sapatu huvuliwa kwa kupiga teke, na buti zina kamba na soksi, na muda wa mapumziko ni mfupi.

Tunawaambia: dini hii haikuleta uzito. Mtume (S.A.W.) alivaa khofu, na Mughira bin Shu'ba (R.A.) alipoinama amvue safarini, Mtume alimzuia kwa kuwa alizivaa miguu ikiwa twahara, akapaka maji juu yake. Na kwa hadithi ya Sayyidna Ali (R.A.) iliyomo katika Muslim, mkazi ana mchana mmoja na usiku wake, msafiri siku tatu na usiku wake. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi'i masharti yake yanajulikana: uvae ukiwa na udhu kamili, kiatu kifunike mguu mpaka juu ya fundo mbili, kiwe kigumu cha kuweza kutembelewa, kisipenyeze maji, na kiwe twahara. Buti nyingi za kazi zinazopita fundo na gambuti za mpira zinaweza kutimiza masharti hayo. Viatu vifupi vya jikoni vinavyoacha fundo wazi havitimizi, hivyo navyo utavivua na kuosha miguu.

Mambo mawili yaangaliwe. La kwanza, ukishapaka juu ya buti kisha ukazivua, kupaka kumebatilika na lazima uoshe miguu. Kwa hiyo anayepaka aswali nazo zikiwa safi, juu ya mkeka wake pale kazini, asiingie nazo kwenye zulia la msikiti akaleta fitina. La pili, damu ya machinjioni ni najisi. Mtume (S.A.W.) aliwahi kuvua viatu vyake ndani ya swala baada ya Jibril kumjulisha kwamba vina uchafu, kama alivyopokea Abu Dawud. Basi wewe wa machinjioni, osha buti kwa maji mpaka damu iondoke kabla ya kuswali nazo, au zivue mlangoni na uoshe miguu.

Na hata ukichagua kuvua na kuosha kila swala, tumepima wenyewe kwa saa: kufungua kamba, kuosha, kukausha na kufunga tena ni dakika nne. Weka sapatu zako karibu na bomba, zivae kwa udhu tu. Zimeumbwa kwa kazi hiyo. Nabii Musa (A.S.) aliamrishwa avue viatu vyake katika bonde takatifu la Tuwa, ina maana alikuwa amevivaa njiani. Jiko la mkahawa si bonde la Tuwa.

KWENU MATAJIRI WETU

Mpaka hapa tumesema na wafanyakazi na familia zao. Lakini mzigo mkubwa si wao. Mama anayelipwa mshahara wa kuosha vyombo hakumwaga yeye mafuta sakafuni, wala hakuchagua yeye vigae vinavyong'aa kwa sababu vinapendeza kwenye picha.

Katika hadithi ya Abu Dharr (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba wanaotuhudumia ni ndugu zetu, kwamba aliye na ndugu yake chini ya mkono wake amlishe anachokula na amvishe anachovaa, na asimtwike kazi inayomshinda, na akimtwika amsaidie. Abu Dharr mwenyewe alionekana Rabadha amevaa nguo sawa na ya mtumwa wake. Hao walikuwa watumwa. Sisi tunazungumza juu ya watu huru waliokuja kufanya kazi kwa mapatano! Bosi anaingia jikoni mara moja kwa siku na viatu vya ngozi, anaangalia chini asije akachafua, kisha anatoka. Ndugu yake amebaki pale saa kumi na sapatu. Nguo za hadithi hii hazina miguu?

Katika safari mojawapo ya jihadi, kwa riwaya ya Jabir (R.A.) katika Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwahimiza watu wachukue viatu kwa wingi, akiwaeleza kwamba aliyevaa viatu ni kama mtu aliyepanda mnyama. Kiongozi wa umma, akiwa na mambo makubwa mbele yake, aliifikiria miguu ya watu wake. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa akihofu kuulizwa na Allah juu ya mnyama atakayejikwaa katika ardhi ya Iraq, kwa nini hakumtengenezea njia. Umar alikuwa Madina na mnyama yuko Iraq. Wewe uko mezani pa kupokea pesa, na binadamu anateleza hatua kumi nyuma yako.

Mnatupa majibu, na tunayajua. "Nikiwanunulia viatu wanaondoka navyo." Basi viandike majina, vibaki kazini kwenye sanduku, kama unavyofanya kwa visu vyako. "Nitawakata kwenye mshahara." Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga na hatari ya kazi. Kumpatia mtu na kumuuzia si kitu kimoja. "Ameanguka kwa uzembe wake." Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inampa haki ya fidia aliyeumia akiwa kazini, hata kama inasemekana alizembea. Gunia la mchele si fidia. Ni sadaka, na haifai kulipia haki ya mtu kwa jina la sadaka. Wafanyakazi nao wajue: ukiumia, mjulishe mwajiri kwa maandishi, weka karatasi za hospitali, na nenda kwa afisa wa kazi. Kudai haki si utovu wa adabu wala si kumkosea ndugu yako Mwislamu.

Tena viatu peke yake havitoshi. Sakafu ipigwe deki kwa maji ya moto na sabuni ya kukata mafuta, kisha ikaushwe. Kupiga deki kwa maji baridi na tambara la jana ni kuyatandaza mafuta tu. Anayenunua viatu na kuacha sakafu inang'aa kwa mafuta amefanya nusu ya wajibu.

ANAYENUNUA AANGALIE NINI

Tumewauliza mafundi viatu na watu wa kazi, na huu ndio muhtasari wa mambo ya kuangalia.

1. Geuza kiatu utazame chini. Mafuta au maji yanakaa kama utando kati ya soli na kigae, na kazi ya soli ni kuyasukuma yatoke, kama tairi la gari wakati wa mvua. Kwa jikoni tafuta soli yenye vijifereji vingi vilivyokaribiana, vinavyotokeza mpaka ukingoni. Kwa matope ya sokoni au shambani tafuta meno makubwa yenye nafasi pana. Kiatu cha matope hakifai kwa vigae.

2. Bonyeza soli kwa ukucha. Mpira laini unabonyea kidogo na unashika. Plastiki ngumu haibonyei, na juu ya kigae chenye maji itakutupa. Kwa sababu hiyo gambuti zote si sawa.

3. Soma alama. Viatu vingi vya kazi vilivyopimwa Ulaya vina herufi SRA, SRB au SRC. SRA vimepimwa juu ya kigae chenye maji ya sabuni, SRB juu ya chuma chenye glisarini, na SRC vimepita vipimo vyote viwili. Katika kiwango kipya cha miaka hii utaona SR. Na jihadharini na maneno ya kwamba soli inastahimili mafuta. Maana yake ni kwamba mafuta hayataiharibu soli. Hayana maana kwamba hutateleza.

4. Kwa mitumba, tazama kisigino. Mara nyingi mguu huanza kuteleza pale kisigino kinapogusa sakafu. Kama vijifereji vimelika na kisigino kimekuwa laini, kiache hata kama juu kinang'aa na muuzaji anaapa. Lugabire za tairi kuukuu nazo hukumu yake ni hiyo hiyo.

5. Kiwe kimefungwa nyuma na kikukae sawasawa. Kiatu kinachopwaya kinaangusha mtu hata kwenye sakafu kavu.

6. Safisha soli kila jioni kwa brashi na sabuni. Unga na mafuta vikijaa kwenye vijifereji, elfu sitini yako imegeuka sapatu.

Na wazazi ambao mabinti zenu wanakwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, msiwafungie sandukuni dera na mafuta ya nywele tu. Nyumba nyingi za kule ni marumaru tupu, zinaoshwa kwa sabuni na maji mengi. Mtilieni pea moja nzuri ya viatu. Akianguka kule, hakuna wa kumpitishia kofia.

NA SISI WENYEWE

Isije ikasemwa kwamba walimu wanawasema wengine na kujisahau. Mahali pa kutawadhia pa madrasa yetu paliota utando wa kijani kwenye sakafu kwa muda mrefu. Tuliuona kila siku. Muhula uliopita mtoto wa miaka saba aliteleza pale, akapasuka kidevu. Tulimpeleka akashonwa, tukamwambia mama yake ni qadar ya Allah. Ndiyo, maneno yale yale ya Hajji, yalitoka katika vinywa vyetu. Mama yule alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikotufanya tuandike makala haya. Siku iliyofuata tulisugua sakafu kwa brashi ya waya na sabuni, kazi ya saa mbili na gharama yake ni sabuni tu. Kila Alhamisi sasa inasuguliwa, na mwalimu wa zamu ndiye anayeshika brashi.

Basi jibu letu kwa mama wa Jumamosi ni hili. Si israfu. Mwombe kwanza mwajiri wako, kwa sababu ni wajibu wake. Akikataa, nunua, na mume wako akusaidie kununua, kwa maana kukulinda ni sehemu ya usimamizi aliopewa. Wala kununua kwako hakumwondolei mwajiri dhima yake mbele ya Allah.

Na kwa jamaa wa msikiti wetu tunatoa pendekezo. Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao tutapitisha kofia kabla mtu hajaanguka. Tutaanza na wajane na akina mama wanaofanya kazi za jikoni na usafi, na majina yao tutayakusanya kwa siri ili asifedheheke mtu. Matajiri wanne wenye mikahawa tumekwisha kuwafuata. Mmoja amekubali kuwanunulia wafanyakazi wake wote, Allah ambariki. Wawili wamesema watafikiri. Wa nne alitujibu kwamba walimu wa madrasa washughulike na alif na be. Tunamwombea dua, na Inshallah tutamfuata tena.

Ewe Mola wetu, ithibitishe miguu yetu katika haki, na uithibitishe siku ya Swirati, siku ambayo hakuna kiatu kitakachofaa isipokuwa amali njema. Waponye waliovunjika, warudishe watoto wao shuleni, na zilainishe nyoyo za wenye mali kabla hawajasimama mbele Yako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.